Gemu ipo dukani, mbona haionekani? Kutafuta panapovuja

Kijana mmoja alinikuta Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, baada ya Alasiri, kikombe cha kahawa mkono huu, simu mkono ule. Gemu yake ya bao la kete ina miezi minne Google Play, imepakuliwa mara 61, na katika hao yeye mwenyewe anaweza kukutajia hamsini kwa majina na mitaa wanayokaa. "Soko limejaa, kaka," akaniambia. "Bila pesa ya matangazo hutoki."

Nikamuuliza: kwa mwezi, watu wangapi wanafungua ukurasa wa gemu yako? Hajui. Katika hao, wangapi wanaipakua? Hajui. Walioipakua juzi, wangapi waliicheza tena jana? Akapiga funda la kahawa, akageuka kutazama wanaocheza dhumna.

Soko limejaa, hilo halina ubishi. Lakini fundi kalafati akiletewa jahazi linaloingiza maji hasemi kwamba bahari ina maji mengi. Hulipandisha mchangani, akapita ubavuni ubao kwa ubao mpaka auone mshono uliofumuka, ndipo achukue pamba na nyundo. Gemu nayo hupoteza watu mahali panne, moja baada ya jingine: hawaifikii, wanaifikia hawaipakui, wanaipakua hawairudii, wanairudia lakini hakuna anayemwambia mwenzake. Ukitibu pa nne hali pa pili pako wazi, umeteka maji kwa pakacha.

Namba za sehemu mbili za mwanzo ziko bure ndani ya Play Console, ukurasa wa Google wa kusimamia gemu yako, na wenye iPhone wanazo ndani ya App Store Connect. Zifungue kabla hujaendelea kusoma. Tahadhari moja tu: kama ukurasa wako umefunguliwa na watu 30 mwezi mzima, usianze kupiga hesabu za asilimia. Mmoja akiumwa na kichwa siku hiyo hesabu yote inapinduka.

"Nikitafuta kwa jina lake kamili, haitokei"

Hii ndiyo dalili inayowatisha watu kuliko zote, na ndiyo nyepesi kuliko zote kuitibu. Mtumie rafiki kiungo cha moja kwa moja kwa WhatsApp, mtu mwenye simu tofauti na yako, kisha sikiliza anachokwambia.

Akisema ukurasa haupo kabisa, basi gemu yako haijatoka hadharani. Akaunti binafsi za Google Play zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 zina sharti lao: lazima kwanza ufanye jaribio la faragha, wajaribu wasiopungua 12 wabaki humo siku 14 mfululizo, ndipo uombe ruhusa ya kutoa kwa umma. Mwanzoni walikuwa wanadai watu 20, wakapunguza Desemba 2024. Nimeshakutana na mtu aliyesherehekea kutoka kwa gemu yake mpaka keki ikakatwa, kumbe bado yumo kwenye jaribio, na walioiona ni wale wale 12 aliowaandika barua pepe zao. Sababu nyengine ni orodha ya nchi. Nchi huchaguliwa moja moja au zote, na yupo aliyechagua Marekani, Uingereza na Oman, akasahau Tanzania. Mama yake hakuweza kuipakua.

Akisema ukurasa unafunguka ila anaambiwa simu yake haifai, kosa limo ndani ya gemu. Mara nyingi ni tamko ulilolisahau, kwa mfano kwamba gemu inahitaji kifaa cha kuhisi mzunguko wa simu. Umekiweka kwa ajili ya kulaza ngalawa kushoto na kulia, lakini simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa Darajani hazina kifaa hicho, na Google inazifungia mlango zote. Tamko hilo ligeuze kutoka lazima kuwa hiari, weka vitufe vya kidole kwa wasio nacho. Ndani ya Play Console kuna orodha ya simu zinazokubaliwa na zilizokataliwa. Dakika kumi za kuipitia zinaweza kukuonyesha simu za nusu ya mtaa wako ziko upande wa waliokataliwa.

Akiweza kuipakua kwa kiungo bila tabu, na kutafuta tu ndiko kunakoshindwa, basi ama ni mpya sana na ngoja siku chache, ama jina lako limezama. Soma hapa chini.

"Kwa jina inatokea, kwa aina ya mchezo haipo"

Hapa ndipo kijana wa Jaws Corner alipokuwa na uvujaji wake wa kwanza. Gemu aliiita "Bao". Basi. Kwake yeye, mtoto aliyekulia pembeni ya wazee wanaocheza bao, neno hilo halihitaji maelezo. Lakini hebu lifikirie neno "bao" kwa macho ya mashine. Mswahili mwenzetu anayeliandika huenda anatafuta matokeo ya mpira, maana bao ni goli. Mgeni anayeliandika huenda anataka yale maandazi ya Kichina ya mvuke. Nikamwambia aitafute mbele yangu kwenye simu yangu. Alishusha kidole mpaka akachoka.

Akapendekeza "Kete". Nikamwomba asirudie tena: huku kwetu neno hilo lina wateja wake wengine, na mzazi akiliona kwenye simu ya mwanawe atauliza maswali.

Google Play inakupa herufi 30 za jina, 80 za maelezo mafupi na 4,000 za maelezo marefu, na inatafuta humo humo. Hakuna kisanduku cha siri cha maneno ya kutafutia. App Store ni tofauti: jina herufi 30, kichwa kidogo herufi 30, na kisanduku cha maneno ya kutafutia chenye herufi 100 ambacho mnunuzi hakioni. Humo usirudie neno ambalo tayari limo kwenye jina, ni kupoteza nafasi. Wala Google usiiandikie "Bora", "Bure" au "Namba 1" kwenye jina, tangu 2021 wamelikataza hilo, pamoja na vikaragosi (emoji).

Tulikaa tukahesabu herufi kwa vidole mpaka tukapata: "Bao la Kete: Zanzibar Mancala". Herufi 29 ukijumlisha nafasi na nukta pacha. Maneno matatu ya mwanzo ni ya mwenyeji, mawili ya mwisho ni ya mgeni. Mzee mmoja aliyekuwa anasikiliza akakasirika: bao si mankala, mankala ni michezo ya watoto! Namheshimu, na kwa uchezaji ana haki ya kusema. Lakini duniani watu wanaoupenda mchezo wa kuhesabu kete vishimoni wanautafuta kwa neno hilo, na neno lenyewe ni la Kiarabu, ndugu yake "nakili" yetu. Ni kibao cha njia panda kwa asiyejua. Akishafika mlangoni, mfundishe kuwa hili ni bao.

Jambo jengine ambalo sijaona mtu analizingatia: ukurasa humtokea mtu kwa lugha ya simu yake. Google Play inakubali Kiswahili, na watu wanajitahidi kuandika Kiswahili kizuri kabisa, kisha wanatupia upande wa Kiingereza sentensi mbili za haraka haraka. Simu nyingi ninazozishika hapa Unguja, mwenyewe Mswahili kindakindaki, zimewekwa Kiingereza tangu siku ziliponunuliwa. Kwa hiyo jirani yako anasoma zile sentensi mbili. Andika pande zote mbili kwa uangalifu ule ule, na upande wa Kiingereza usiogope kuweka maneno ya Kiswahili ambayo mtu wetu angeyaandika: bao la kete, namua, mtaji (hizi mbili ni hatua za mchezo wenyewe).

"Wanaingia ukurasani, wanaondoka mikono mitupu"

Aikoni, picha za mwanzo, ukubwa wa faili, nyota. Karibu kila mara ni moja katika hayo, na kwa mpangilio huo.

Aikoni huchorwa kwenye kompyuta kubwa, ndani, usiku, feni ikizunguka. Huonekana kwenye kioo chenye mpasuko, saa saba mchana, mtu kasimama anangoja daladala. Google wanataka picha ya pikseli 512 kwa 512, Apple 1,024 kwa 1,024, na ukubwa huo ndio unaowadanganya watu wakaweka humo jua la Forodhani linatua, mnazi, jahazi na jina la gemu kwa herufi za mapambo. Ikishuka kuwa ukubwa wa ukucha inabaki doa la chungwa. Chora kitu kimoja. Shimo moja la bao lenye kete tatu linatosha. Itoe nje juani, punguza mwanga wa simu, inyooshe mkono mzima, muulize mtu anaona nini.

Picha za skrini ndizo zinazouza, na watu wanaziharibu kwa adabu. Kwa adabu nina maana wanaanza na salamu: picha ya kwanza ni nembo, ya pili ni ukurasa wa kuchagua lugha, ya tatu ni mipangilio. Dada mmoja wa Fuoni alitengeneza gemu ya mbio za ngalawa nzuri kweli kweli, upepo unabadilika, tanga linajaa, ukikosea ngalawa inapinduka. Kupinduka huko ndiko kunakomfanya mtu acheke. Katika picha zake sita hakukuwa na hata moja ya ngalawa iliyopinduka. Google Play inakubali picha 2 mpaka 8 kwa simu, App Store mpaka 10, lakini mtazamaji asiyekujua hatavuka ya tatu. Ile raha ya gemu iweke ya kwanza, bila salamu.

Ukiwa na wageni wengi Play Console inakuruhusu kujaribisha aikoni mbili kwa wakati mmoja, nusu ya wageni waone hii na nusu ile. Kwetu sisi wenye wageni wachache jaribio hilo litachukua miezi na halitakuambia kitu. Badala yake mwonyeshe mtu asiyeijua gemu yako picha ya kwanza, hesabu mpaka tatu, ficha simu, muulize: "Humu ndani mtu anafanya nini?" Watu kumi tu. Wakijibu mambo kumi tofauti, unajua pa kuanzia.

Halafu bando. Mtu ananunua MB kwa shilingi zake, anazigawa kati ya WhatsApp, mpira na TikTok, wewe unataka 140 kwa mchezo asioujua. Gemu ya dada wa Fuoni ilikuwa hivyo, na tulipoifungua zaidi ya nusu ilikuwa muziki. Alirekodi ganuni, ala ya nyuzi ya taarabu, safi sana, akaiacha kwenye faili za WAV, sauti isiyobanwa. Dakika moja ya WAV ya stereo kwa ubora wa CD ni kama MB 10. Dakika ile ile ikibanwa kwa OGG ya kilobiti 128 haifiki MB 1, na kwenye spika ya simu hakuna atakayejua tofauti. Alikuwa na dakika nane. Fanya hesabu mwenyewe. Picha nazo zina habari yao, lakini anza na sauti, kwa sababu hakuna anayeikumbuka.

"Wanaipakua asubuhi, jioni wameshaifuta"

Kwanza hakikisha haijifungi. Google inapima jambo hili na kulihusisha moja kwa moja na kuonekana kwako: kama zaidi ya 1.09% ya wachezaji wa siku wanakumbana na gemu kujifunga, au zaidi ya 0.47% wanakumbana nayo ikiganda bila kujibu, duka linaweza kukupunguzia kuonyeshwa. Kwa aina moja ya simu mpaka ni 8%, na hapo wenye simu hiyo wanaweza kuwekewa onyo kwenye ukurasa wako. Kwa hiyo yule anayelalamika kwamba haonekani huenda dawa yake imo ndani ya msimbo, wala si kwenye matangazo. Tafuta simu mbovu kuliko zote mtaani, yenye RAM ya GB 2 na picha elfu tatu za harusi, ujaribie humo. Ikipona humo imepona.

Pili, zima intaneti ufungue gemu. Inafunguka? Gemu nyingi zinazoweza kuchezwa bila mtandao hukwama mlangoni kwa sababu zinangoja tangazo lipakuliwe au akaunti ithibitishwe. Mtu aliyepakia boti ya Pemba, mtandao umepotea katikati ya mkondo, ana saa za kukaa na hana la kufanya: huyo ndiye mchezaji wako bora, na wewe umemfungia nje.

Tatu, na hapa nataka kukaa kidogo, dakika ya kwanza. Bao lenyewe linafundisha. Ubao una mistari minne ya vishimo vinane, kete 64, kila mchezaji 32. Mchezo kamili huanza kwa namua: kete sita ndani ya nyumba, kile kishimo maalumu, mbili na mbili kwenye vishimo viwili vinavyofuata, na 22 zilizobaki unazo mkononi, unazitia moja moja. Zikiisha pande zote ndipo mnaingia mtaji. Kijana wetu, kwa kuheshimu mchezo, alimtupa mgeni ndani ya namua moja kwa moja, na kabla ya hapo akamsomesha kurasa kumi na moja za kanuni: lini nyumba inalala, lini unatakata, kichwa ni kipi na kimbi ni ipi. Kurasa kumi na moja! Mie mwenyewe nilizipita bila kusoma.

Wazee hawafundishi hivyo. Mtoto hupewa kwanza bao la kujifunza: kete mbili mbili kila kishimo, zote ziko ubaoni, chukua uende. Nyumba na namua vinakuja baadaye, akishanogewa. Gemu ifanye vivyo hivyo. Mguso wa kwanza uwe ni kete zinazohama, na kanuni ije wakati mtu anaihitaji, sentensi moja, kishimo kinachohusika kikiwaka. Tulipopanga upya hivyo, watoto wa jirani walicheza mizunguko mitatu bila kuuliza kitu. Walikuwa wanne tu, nakwambia nilichokiona.

Kundi la pili linalofuta ni mafundi wenyewe. Hawa hawaondoki kwa kuchoka, wanaondoka kwa hasira: kompyuta imekula kete ambazo kwa kanuni za Unguja haziliki. Kwao huwezi kukisia. Chukua simu uende barazani, mwache fundi acheze, andika kila anapopiga yowe. Mmoja alimsomea kijana wetu makosa saba kwa kikao kimoja, na hakuna mjaribu wa kulipwa ambaye angeyaona.

Tangazo la sekunde 30 kabla mtu hajasogeza hata kete moja sitaki hata kulizungumza.

"Nyota zimeganda"

Usinunue nyota, usitoe sarafu za gemu kwa anayekupa tano. Yote mawili ni marufuku na adhabu yake ni gemu kuondolewa. Omba tathmini mtu akishashinda, kwa kidirisha cha duka lenyewe, na Google hawataki umtangulize kwa swali la "unaipenda?" ili uwachuje wenye hasira. Apple wanakuruhusu kidirisha hicho mara 3 kwa siku 365, basi usiiharibu ya kwanza siku ya kwanza.

Jibu kila lalamiko. Google Play inakupa herufi 350 za kujibu, zinatosha kusema "ahsante ndugu, nimelirekebisha katika toleo hili". Watu hurudi kubadilisha nyota moja ikawa nne wakiona wamesikilizwa. Na jua kwamba tangu mwishoni mwa 2021 wastani anaouona mtu Google Play kwenye simu ni wa nchi yake. Ukisifiwa na Wabrazili, Mtanzania hauoni wastani huo.

"Ilipanda siku tatu, ikafa"

Uliitia kwenye magrupu yote ya WhatsApp: la familia, la skuli, la msikiti, la arusi ya mwaka juzi ambalo hakuna aliyelifuta. Watu wakaipakua kwa mapenzi yao kwako. Siku ya nne mapenzi yako pale pale, ila bao hawachezi na hawakuwahi kucheza. Hakuna kilichoharibika. Ulialika watu wa karamu ukitafuta wavuvi.

Nenda wanakokaa wachezaji tayari, na uende siku wanapokuwa na nafasi. Usiku wa Ramadhani baada ya Tarawehe baraza zimejaa. Sikukuu ya Idi viwanja vya Mnazi Mmoja vina watoto wenye pesa ya sikukuu na simu za kaka zao. Julai Makunduchi kuna Mwaka Kogwa, na gemu ya ngalawa au ya mchezo wowote wa kwetu ina cha kusema siku hizo kuliko siku nyengine za mwaka. Toleo jipya litoe wiki mbili kabla ya siku kama hiyo, lisitoke siku yenyewe, maana duka nalo huchukua siku zake kulikagua. Usichapishe vipeperushi. Chapisha kiungo cha mraba cha kupiga picha (QR), kibandike chini ya ubao wa bao halisi, weka ubao huo mezani.

Wanaorekodi video nao ni mlango, lakini wanaandikiwa vibaya. Barua za "tunaomba ushirikiano wa kibiashara" wanazifuta bila kufungua. Mimi naandika hivi:

"Assalaam alaykum, dada. Nimeona video yako ya karata, ile uliyofungwa na bibi ukakataa kukubali. Nimetengeneza gemu ya bao, niko Kikwajuni. Kuna mpinzani wa hatua ya tano ambaye watu watatu hapa mtaani wameshindwa kumfunga, na mmoja ni fundi. Ni MB 22, ukishaipakua haitaki bando. Ukiicheza mbele ya watu wako nitafurahi, hata ikiwa ni kwa kuicheka. Ukiona haifai, hakuna neno, ahsante kwa kusoma."

Sita katika saba hawajibu. Nimezoea.

Na kuna ile ya kungojea. Among Us ilitoka Juni 2018, ikakaa karibu kimya, ikalipuka katikati ya 2020 watu walipoanza kuicheza mubashara mtandaoni wakati dunia imefungiwa ndani. Flappy Bird ya Dong Nguyen wa Vietnam ilitoka Mei 2013 na kufika kileleni Januari 2014. Mwezi uliofuata mwenyewe akaiondoa. Watu hunitajia hizi kama ushahidi kwamba mambo huja yenyewe. Ninachokiona mimi ni kwamba siku wageni walipobisha hodi, zote mbili zilikuwa zinafunguka vizuri na mtu anaelewa cha kufanya kwa sekunde chache. Bahati ya kugongewa huwezi kuipanga. Kuweka nyumba tayari, hilo liko mikononi mwako.

"Nimelipia, sijaona kitu"

Hili nimelila mwenyewe. Kwenye gemu yangu ya kwanza nililipa shilingi laki mbili kwa watu walioniahidi vipakuo elfu moja kwa wiki, jina lao silitaji. Vikaja kweli, usiku usiku, vikiwa vimepangika kama askari. Hakuna aliyefika hatua ya pili ya gemu. Hakuna hata aliyegusa kioo. Wiki iliyofuata wengi wao walikuwa wameshaifuta, na mimi nikabaki na ukurasa unaosema kwa namba kwamba kila anayeipakua anaikimbia.

Hata tangazo halali, la Google au la Instagram, linaleta watu mlangoni tu. Chukua mfano wa hesabu: umelipia watu 1,000 wafungue ukurasa, mmoja katika kumi anapakua, mmoja katika kumi wa waliopakua anarudi kesho. Umepata wachezaji 10. Ukibadilisha picha na kupunguza MB mpaka wanaopakua wawe wawili katika kumi, na dakika ya kwanza ikatengenea mpaka wanaorudi wawe watatu katika kumi, watu 1,000 wale wale wanakuachia 60. Pesa haijaongezeka hata senti. Ndiyo maana akija mtu na laki mbili mkononi namwambia nusu yake anunue simu mbovu ya kujaribia.

Kama bado unafikiria uanze na duka gani: Google Play ni dola 25 mara moja, Apple ni dola 99 kila mwaka. Kwa mtu wa hapa, mimi ningeanza na Android bila kuuliza mara mbili.

Kijana wa Jaws Corner alibadilisha jina na aikoni mwezi wa kwanza, akaacha kila kitu kingine kama kilivyo ili ajue kipi kimefanya kazi. Mwezi huo ukurasa ulifunguliwa na watu 94, waliopakua 21. Juzi nimempitia, kajifungia chumbani na vipokea sauti masikioni, anafuta kurasa za kanuni. Amebakisha tatu, na mzee wa siku ile anazigombania zote.